Gari la Bluu la Bwana Dufek

Maren Zielke alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Aliishi na mama yake katika mji wa Manitowoc, kando ya Ziwa Michigan. Kila siku alasiri basi la shule lilimshusha kwenye kona ya mtaa wao. Alifungua mlango, akamlisha paka, akaosha vyombo vya asubuhi, kisha akaketi kufanya kazi za shule mpaka mama yake aliporudi kutoka kliniki ya meno alikofanya kazi. Wakishakula, mama alifungua kompyuta pale pale mezani na kuanza kutazama matangazo ya magari.

Mama yake, Joleen, hakutafuta gari la kwendea kazini. Hilo alikuwa nalo. Alitaka gari la kuendesha uwanjani. Mwendo wa saa moja kutoka kwao palikuwa na uwanja wa mbio ulioitwa Kettle Hollow, na mara moja kwa mwezi, theluji ikishaisha, watu wa kawaida waliruhusiwa kuingia na magari yao wenyewe. Hapakuwa na mashindano wala kikombe. Mtu alilipa ada, gari lake likakaguliwa, akaendesha kwa kasi aliyoimudu, halafu akarudi nyumbani. Joleen alikuwa na hamu hiyo tangu utotoni, alipokuwa akikaa majanini na marehemu baba yake kutazama magari yakipita. Sasa alikuwa ameweka akiba kwa miaka mitatu.

"Gari lenyewe lisile zaidi ya nusu ya pesa," alimwambia Maren. "Nusu nyingine ni ya matairi, breki, helmeti na ada. Wengi humaliza kila kitu kwenye gari, halafu linabaki gereji likitazamwa."

Kwa hiyo alitafuta gari dogo, jepesi, ambalo vipuri vyake vilipatikana kila duka. Alisema gari jepesi halichoshi breki wala halimalizi matairi haraka, na mtu anayejifunza hahitaji injini kubwa. Maren alisikiliza, lakini moyoni hakukubali. Magari ambayo mama yake aliyapenda yalikuwa madogo mno, na mengine rangi yake ilikuwa imechujuka kabisa.

Alikuwa na sababu ya kutokubali, ingawa hakuisema. Darasani mwao alikuwapo Britta Haas, msichana ambaye kila Jumatatu alikuwa na habari za boti ya kwao iendayo kasi. Siku moja Maren alichoka kumsikiliza, akasema kwamba mama yake amenunua gari la silinda nane, likiwashwa madirisha ya jirani yanatetemeka. Wenzake waligeuka kumtazama. Tangu siku hiyo Britta hakuacha kumdai picha.

Jumamosi moja ya Aprili walikwenda kulitazama gari la mtu aliyeitwa Bwana Dufek, nje kidogo ya mji. Maren ndiye aliyeliona tangazo, na kwa wiki nzima alikuwa amembembeleza mama yake waende. Lilikuwa gari la bluu lenye mistari miwili myeupe, na injini yake ilikuwa ya silinda nane kweli. Bei yake ilivuka ile nusu aliyoipanga Joleen. Hata hivyo, alipolizungusha barabarani kwa dakika chache alirudi akitabasamu kama msichana mdogo, na Maren akajua kwamba mambo yanaelekea vizuri.

Wakati watu wazima walipokuwa wameinamia injini, binti wa Bwana Dufek, mtoto wa miaka minane aliyeitwa Pearl, alimchukua Maren nyuma ya nyumba kumwonyesha sungura wake.

"Mkilinunua nitapumzika," Pearl alisema huku akiwatupia sungura majani. "Kila asubuhi mimi ndiye ninayempelekea baba kopo la maji. Lile gari linakunywa kuliko hawa."

Maren alimuuliza maji hayo yanatiwa wapi. Pearl akamwambia kuwa yanatiwa mbele, kwenye rejeta, na kwamba leo baba ameyatia mara mbili kabla wageni hawajafika.

Maren hakuwa fundi, lakini mama yake alikuwa amemweleza jambo hilo zaidi ya mara moja. Maji ya rejeta hayapungui hivi hivi. Yakipungua, ama yanavuja nje, ama yanaingia ndani ya injini, na gari la namna hiyo halifai kupelekwa uwanjani. Alirudi mbele ya nyumba taratibu, akasimama kando ya gari. Jinsi lilivyong'aa juani.

Joleen alimvuta pembeni. "Ni ghali kuliko nilivyotaka," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini sijui, mwanangu, moyo wangu umelipenda. Wewe una macho mazuri. Kuna kitu umekiona kikakutia shaka?"

"Hapana, Mama," Maren alijibu. "Ndilo hili."

Joleen akatoa malipo ya awali ili gari lisiuzwe kwa mtu mwingine, wakaahidiana na Bwana Dufek kwamba Joleen atakuja kumaliza malipo Jumanne. Maren alipiga picha tatu. Walipokuwa njiani kurudi alizitazama zote, akaona hana haraka ya kumwonyesha Britta.

Kesho yake, Jumapili, palikuwa na somo la usalama kwa wote ambao hawajawahi kuendesha Kettle Hollow. Joleen alimchukua Maren. Walikaa kwenye chumba kilichonuka kahawa na mpira wa matairi, wao na watu wazima wapatao ishirini. Mwalimu, Bi Yvonne Prell, alikuwa mwanamke mrefu asiyepandisha sauti. Alieleza maana ya bendera, namna ya kumpa mtu njia, na mahali pa kutokea. Kisha akafika kwenye suala la maji ya injini.

"Injini ikitema maji kwenye kona," alisema, "yanaangukia mbele ya matairi yako mwenyewe. Hapo usukani unakuwa pambo. Utauzungusha utakavyo, gari linakwenda linakotaka. Na aliye nyuma yako naye anayakuta yale yale maji. Ndiyo maana gari linalokula maji mimi silipitishi getini, hata liwe la nani."

Joleen aliandika. Maren alitazama mgongo wa mama yake, nywele zake zilizofungwa kwa kibanio cha kazini, na kalamu ikitembea. Hakusikia sehemu iliyobaki ya somo.

Walipofika kwenye maegesho, kabla mama hajawasha gari, Maren alisema yote. Alisema juu ya kopo la maji, juu ya sungura, na juu ya kutiwa maji mara mbili. Aliyasema akitazama magoti yake.

Joleen hakumfokea. Aliurudisha ufunguo mkobani.

"Kwa nini?" aliuliza.

Maren akamweleza habari ya Britta, na gari la kutetemesha madirisha, na picha. Kadiri alivyoeleza ndivyo sababu yenyewe ilivyozidi kuonekana ndogo.

"Kesho utamwambia Britta ukweli," Joleen alisema. "Jumanne tutakwenda kwa Bwana Dufek, mimi na wewe. Na huyo mtoto hatutamtaja. Hakufanya kosa lolote."

Jumatatu wakati wa chakula cha mchana Maren aliketi mbele ya Britta na kumwambia kwamba hawana gari la silinda nane, na kwamba aliposema wanalo alidanganya. Britta aliacha kutafuna.

"Kwa hiyo hamna gari la mbio lolote?"

"Hatuna."

Britta alicheka kidogo, akawaangalia waliokaa meza ya jirani kama wanasikia. Kisha akainama. "Ile boti nayo ni ya mjomba," alisema. "Nimeipanda mara mbili tu. Usimwambie mtu."

Jumanne jioni Joleen alimwomba Bwana Dufek awashe gari likiwa baridi na aliache lingurume hapo hapo uani. Bwana Dufek alisema hana muda, na kwamba walikwisha kubaliana. Joleen akamjibu kwa upole kwamba petroli atailipa yeye, na kwamba hatatoa pesa zilizobaki kabla hajauona mshale wa joto ukitulia. Alisimama kando ya dirisha la gari, mikono mfukoni, akiutazama. Mshale ulipanda hadi katikati, ukapumzika, kisha ukaanza kupanda tena. Moshi mweupe wenye harufu tamutamu ukatoka nyuma, ishara kwamba maji yanaungua ndani ya injini. Bwana Dufek mwenyewe ndiye aliyezima injini.

Alikuwa mtu mnene wa makamo, na uso wake ulikuwa umepata wekundu. Alikiri kwamba fundi alimwambia tangu mwaka jana kuwa gasketi, ile inayozuia maji yasiingie ndani ya injini, imekwisha, na kwamba gharama ya kuitengeneza ilimshinda. "Nilijiambia atakayelinunua atalitengeneza," alisema.

"Ningelipeleka uwanjani, Bwana Dufek," Joleen alisema. "Nyuma yangu wangekuwapo watu."

Bwana Dufek aliingia ndani, akarudi na malipo yote ya awali, akamkabidhi Joleen bila kumtazama usoni. Huko nyuma ya nyumba Pearl alikuwa akiwaimbia sungura wake.

Jambo hilo lilikuwa na hasara yake. Gari jingine ambalo Joleen alikuwa amelipenda mwanzoni lilinunuliwa na mtu mwingine wiki ile ile, ikambidi aanze kutafuta upya. Siku ya kwanza ya uwanja ikapita. Jumamosi hiyo, wakati wenzake wakizunguka Kettle Hollow, Joleen alikuwa nyumbani akisafisha madirisha. Hakulalamika. Maren alichukua kitambaa akaanza kusafisha upande wa nje, na kila mara macho yao yalipokutana kwenye kioo aliyakwepa.

Mwishoni mwa Mei walipata Mazda ndogo nyekundu ya viti viwili, yenye paa la kitambaa. Mwenyewe alikuwa Bwana Thao, msambaza barua. Nyekundu yake ilikuwa imegeuka kuwa waridi kwenye boneti. Kabla Joleen hajauliza lolote, Bwana Thao alianza kulitangaza gari lake vibaya. "Gia ya pili inakwaruza asubuhi. Dirisha la kushoto linakwama. Paa nimelishona mwenyewe, na mimi si fundi cherehani. Hapa chini pana kutu, piga magoti uione." Joleen alipiga magoti, akaigonga ile kutu kwa kidole, akaona ni ya juu juu tu. Aliiacha injini ingurume mpaka ikapata moto, na mshale ukasimama katikati usiondoke.

"Sijawahi kuona muuzaji anayeiponda mali yake hivi," Joleen alimwambia.

"Wewe ndiye utakayeliendesha," Bwana Thao alisema. "Mimi nitakuwa nimelala kwangu."

Walilinunua, na bei yake haikufika hata ile nusu. Pesa zilizobaki zilitosha kufunga nguzo ya chuma nyuma ya viti, ya kumkinga dereva gari likipinduka, ambayo magari yasiyo na paa gumu yalitakiwa kuwa nayo uwanjani. Zilitosha pia kwa pedi mpya za breki, matairi na helmeti. Kwa jioni kadhaa Maren alikaa kwenye usukani akikanyaga breki, huku mama yake akiwa amelala chini ya gari kutoa upepo kwenye mabomba ya breki. Kanyaga. Shikilia. Haya, achia. Mguu ulimuuma, lakini hakuomba kupumzika.

Siku ya Juni ilipofika, gari lilipita ukaguzi bila neno. Bi Yvonne aliketi kando ya Joleen katika mizunguko ya kwanza. Maren, nyuma ya uzio, aliwaona karibu wote wakimpita mama yake. Kila lilipokuja gari nyuma yake, Joleen alitoa mkono nje kuonyesha upande wa kupita, na magari makubwa yakaenda zao. Kijana mmoja aliyesimama pale alisema ile ya waridi inaendeshwa na bibi kizee. Maren alimwambia kwamba bibi kizee huyo ni mama yake, na kwamba ndiyo kwanza anaanza. Kufikia mchana wawili kati ya wale wenye kasi walikuwa wameegesha, mmoja akingoja breki zipoe, mwingine akingoja gari la kumvuta. Joleen alikuwa bado anazunguka, na kona aliyoiogopa asubuhi sasa aliipita bila kuyumba.

Walikula soseji za kuchoma wakiwa wamekaa kwenye majani. Joleen alisimulia kila kona kwa furaha, hata haradali ikamdondokea kwenye suruali. Zamu yake ya mwisho ilipotangazwa alivaa helmeti, akafungua mlango wa gari.

"Mama," Maren alisema, "chini ya gari pana maji."

Joleen alisimama. Magari ya zamu yake yalikuwa yameanza kujipanga getini, na mtu wa bendera alimwashiria afanye haraka. Alivua helmeti, akalala chali, akayagusa yale maji kwa kidole, akayanusa. Kisha akafungua boneti na kukagua kimo cha maji ya rejeta. Alipofunga boneti, geti lilikuwa limekwisha fungwa.

"Ni maji ya kiyoyozi tu," alisema. "Nilikiwasha nilipokuwa nasubiri kwenye foleni kabla ya chakula. Hayana neno."

"Nimekukosesha zamu," Maren alisema.

Joleen aliketi kando yake na kuiweka helmeti baina yao.

"Sikiliza, mwanangu. Zamu zitakuja nyingine, uwanja haukimbii. Ukiona kitu, sema, hata kama unadhani utaniudhi, hata kama hutaki kiwe kweli. Kikiwa si kitu, tumepoteza dakika chache. Ukinyamaza ili upate unachokitaka, anayelipa ni mtu mwingine, tena bila kujua analipia nini. Siku ile kwa Bwana Dufek ulinificha, na ningeweza kuumia au kumuumiza mtu. Leo umesema mbele ya watu wote wanaosubiri. Mimi naondoka hapa nikiwa na amani kuliko kama ningezunguka mara mia."

Baadaye kidogo walikunja paa la kitambaa. Maren akapanda upande wa abiria, mama yake akawasha gari, nao wakashika barabara ya nyumbani taratibu, wakipitwa na kila mtu.