Maua Shingoni mwa Marabu

Rafiki yangu Gracieuse, mwalimu mwenzangu hapa Bunia, alinisimulia jambo hili mwaka ule wa vita, wiki tatu baada ya mume wake kupotea njiani kuelekea Bule.

Gracieuse alikwenda studio ya Roger, mpiga picha, kuchukua picha ya ndege kwa ajili ya darasa lake. Kwenye kompyuta alimkuta marabu, yule korongo mkubwa mla mizoga, aliyepigwa picha jalalani, mdomo wazi, shingo imelowa damu. Roger alikuwa akiigeuza damu ile kuwa maua, tone kwa tone.

“Mama Mwalimu, sasa iko tableau ya salon, ya kutundika sebuleni,” Roger alisema akicheka.

“Roger, hii ndege ilikula nini?”

“Siye tunauliza ndege?”

Mara jenereta ikazimika, na chumba kisicho na dirisha kikawa giza. Wote wawili walisikia mdomo mkubwa ukigongana, kisha kitu kikimezwa polepole.

Umeme uliporudi, maua yalikuwa yaleyale. Roger aliapa kwamba hakugusa kitu. Lakini mdomo wa ndege kwenye picha ulikuwa umefungwa, na pembeni yake kilining'inia kipande cha shati, chenye kifungo ambacho Gracieuse alikishona mwenyewe kwa uzi wa kijani, asubuhi ile mume wake alipoondoka.