Chanjo ya Adongo

Mjomba Ongodia hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Miaka ile ya mwanzo ya Uhuru alikuwa mchanjaji wa ndui, na baiskeli yake ilijulikana kutoka Nambale mpaka Malaba. Watoto wakiiona walikimbilia migombani. Ukimtajia mambo ya mizimu alikuwa anacheka, anakwambia yeye ameshalinda maiti hospitalini usiku kucha na hakuna hata mmoja aliyemwomba blanketi.

Aliajiriwa na madaktari wa utafiti waliopiga kambi Busia kujaribu sindano mpya yenye meno mawili. Unaichovya ndani ya dawa, inabeba tone moja katikati ya meno, unalipaka tone mkononi, halafu unadonoa ngozi haraka haraka mpaka damu ichungulie. Baada ya wiki mjomba alirudi kukagua mikono. Lengelenge likiwa limetokea, chanjo imeshika na mtu yuko salama. Lisipotokea, anachanjwa upya. Madaktari walimwonya asipoteze hata tone, maana dawa ilikuwa haba na ng'ambo ya mpaka watu walikuwa wameshaanza kuzikwa.

Asubuhi moja ya jua zuri akafika kwa Amuron, nje kidogo ya Malaba. Amuron alikuwa mama wa pacha, Apio na Adongo. Adongo alichukuliwa na surua mwaka uliotangulia, akiwa na miaka mitatu, lakini pale nyumbani hakuna aliyethubutu kusema amekufa. Pacha hafi, walisema, ameruka tu. Na chochote anachopewa aliyebaki, kiwe nguo au uji, lazima aliyeruka apewe cha kwake. Mjomba ni Mteso, wa kabila moja na wao. Haya aliyajua tangu yuko mgongoni kwa mama yake.

Apio, kabinti ka miaka minne, akatoa mkono wa kushoto bila kulia. Mjomba akamchanja, akamsifu, akaanza kufunga vitu vyake.

"Bado Adongo," Amuron akasema. Alikuwa anaonyesha kigoda kitupu kando ya mtoto.

"Mama pacha, hii dawa ni ya serikali. Si ya kumwagia kigoda."

"Dokta, ile kitu unapea mmoja, unapea wote. Wewe si mgeni hapa."

Mjomba hakutaka mabishano, jua lilikuwa linapanda. Akatoa sindano nyingine, akaacha kuichovya, akadonoadonoa hewa juu ya kigoda.

"Umeweka dawa?"

"Nimeweka."

Alidanganya, tena kwa moyo mweupe, akaona amemfurahisha mama wa watu. Akapanda baiskeli akaenda zake.

Aliporudi kukagua, mikono mingine yote aliyoichanja kijijini ilikuwa imeshika vizuri. Mkono wa Apio ulikuwa safi. Hapakuwa na lengelenge wala alama ya kudonolewa. Mjomba akashangaa kidogo, akamchanja tena. Wiki iliyofuata, mkono safi vilevile.

Sasa mambo yalikuwa yameharibika. Taniboi, utingo wa lori lililotoka Uganda, alikuwa amelala nyumba ya jirani majuma mawili nyuma akiwa na homa, na watoto wawili wa nyumba ile, waliojificha migombani siku ya chanjo, walikuwa wameshajaa ndui usoni mpaka macho hayafunguki. Wakati wote huo Apio alikuwa akicheza nao. Kama chanjo isingeshika haraka, zamu yake ilikuwa imefika. Amuron alikuwa amekonda kwa hofu.

"Ulimdanganya mwenzake," alinong'ona. "Sasa anachukua ya Apio."

Mjomba akapaka dawa kwenye mkono wa mtoto, akadonoa, na safari hii hakuondoka. Akachuchumaa, akakodoa macho. Tone lilikuwa pale juu ya ngozi, liking'aa.

Likaanza kupungua.

Halikutiririka, wala halikukauka. Lilipungua upande mmoja, kidogo, kisha kidogo tena. Ngozi iliyolizunguka ikaloa mate.

Apio akacheka. "Mama, mwambie Adongo aache kunilamba."

Mjomba aliniambia kwamba nywele zilimsimama mpaka kofia ikasogea. Alitaka kukimbia. Mchana ule, kuku wakiparuaparua uani na malori yakinguruma barabarani, yule mtu aliyelinda maiti usiku kucha alikuwa anaitazama baiskeli yake.

"Mpe yake," Amuron akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Tafadhali, dokta. Nimebaki na huyu tu."

Mjomba akaichovya sindano. Kweli kweli safari hii. Akapiga magoti mbele ya kigoda.

"Mkono wake uko wapi?" akamuuliza Apio, kwa sauti ya chini sana.

"Hapa. Shuka kidogo. Eeh, hapo."

Akateremsha sindano hewani. Ikagota.

Ilikuwa ngozi. Laini. Baridi kama udongo wa kisimani. Tone likabaki limening'inia pale, halina kilicholishika. Akadonoa. Kitu kikashtuka chini ya sindano, kama mtoto anavyoshtuka. Vidole vidogo vikamshika kifundo cha mkono. Vikakaza. Mjomba akafumba macho, akaendelea kudonoa mpaka vikamwachia.

Alipofumbua, hapakuwa na kitu. Akamchanja Apio kwa mara ya mwisho. Tone likakaa palepale.

Lilitokea lengelenge zuri la kufundishia. Ndui ikapita kwa jirani, ikazika wale watoto wote wawili, ikamwacha Apio bila hata kipele. Amuron alimchinjia mjomba jogoo. Mjomba alikula kidogo, kwa heshima tu, kisha akaomba aone kovu kabla hajaondoka.

Kovu la mkono wa kushoto lilikuwa limekaa vizuri. Hapo ndipo alipoona Apio ameficha mkono wa kulia ndani ya gauni.

"Na huo una nini?"

Akautoa. Mjomba hakuwahi kuugusa mkono ule kwa sindano, lakini ulikuwa na kovu la chanjo, dogo, la mviringo. Akaushika. Ulikuwa baridi.

"Huu si wangu," Apio akasema. "Ni wa Adongo. Wangu anao yeye. Tumebadilishana."

Mjomba akamtazama Amuron. Amuron akageuza uso, akaanza kuokota mifupa ya kuku.

Wiki ile ile mjomba aliacha kazi ya kuchanja. Mimi nilidhani anatia chumvi, mpaka nilipokwenda Malaba kununua wimbi na nikaonyeshwa Apio sokoni, sasa ni mama mtu mzima, mnene, mcheshi, leso imefunika bega la kulia. Nikamsalimia kwa jina. Akasita, kisha akanipa mkono kutoka chini ya leso.

Ulikuwa mkono wa mtoto wa miaka mitatu.