Katekista Telesphori Apanda Tena Baiskeli

Asubuhi moja ya mwezi wa pili, Justina alikuwa akipepeta mchele uani. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Majani yalimetameta, na ukungu mweupe ulikuwa bado umelala juu ya mbuga ya mpunga.

Mume wake, Telesphori, alikaa kwenye kigoda karibu na jiko. Alikuwa ameipindua baiskeli yake, magurudumu juu. Alizungusha pedeli kwa mkono. Gurudumu la nyuma lilizunguka, spoku zikapotea, ukabaki mwanga tu. Telesphori aliutazama mwanga ule bila kupepesa macho.

"Baba Coletha," Justina alisema, "tangu jua litoke unaizungusha hiyo baiskeli. Unakwenda wapi?"

"Nimeshafika Ng'ambo," alijibu. "Sasa ninarudi."

Justina alicheka. "Basi ukifika nyumbani, unywe uji."

Telesphori alikuwa katekista, si mbali na Ushirombo. Kila wiki alikwenda kufundisha dini katika kijiji cha Ng'ambo, upande wa pili wa mbuga. Safari ilikuwa ya maili saba, na katikati palikuwa na kilima. Kabla ya Noeli alishikwa na kichomi. Alilazwa hospitali na kuchomwa sindano nyingi. Siku zote za homa aliota ndoto moja. Aliota yuko juu ya baiskeli, njia inapita chini yake kama maji, naye hakanyagi wala hachoki. Sasa homa ilikuwa imekwisha na alikuwa amerudi kwake. Lakini ndoto ile ilikuwa bado inamwita.

Siku hiyohiyo alipita Anisia, mama mmoja wa Ng'ambo, akienda mashine kusaga.

"Mwalimu, Mzee Bujiku anakusalimu," alisema.

"Hajambo mzee wangu?"

"Hajambo, ila anagomba. Anasema, 'Mwambieni mwalimu Pasaka inakuja, na mimi nimekwama katikati ya Baba Yetu. Nikingoja mwakani, mtambatiza nani? Fimbo yangu?'"

Telesphori hakucheka. Mzee Bujiku alikuwa mzee kuliko watu wote wa Ng'ambo. Miguu yake haikuweza tena safari. Uzeeni alikuwa ameomba ubatizo, na Padre angefika kule wakati wa Pasaka tu. Asipofundishwa sasa, angengoja mwaka mzima. Na nani alijua kama mwaka huo angekuwa nao?

"Mwambie ninakuja," Telesphori alisema.

Kesho yake aliondoka mapema, bila kula. Nyuma ya baiskeli alifunga gunia la mahindi.

"Na gunia la nini?" Justina aliuliza.

"Nitapita mashine. Mwanamume hapandi baiskeli tupu, watu wakamwona kama mtalii."

"Wewe umetoka kitandani juzi!"

Lakini alikuwa ameshapanda. Mwanzoni ilikuwa tamu kama ile ndoto. Upepo ulimgusa shingoni. Yangeyange weupe waliinuka kutoka kwenye mpunga, wakatua mbele. Telesphori alitabasamu peke yake.

Kisha miguu ikaanza kutetemeka.

Kando ya njia, nje ya nyumba ya Mzee Maganga, wazee walikuwa wakiota jua. Kwa desturi ya huko, mtu hawasalimii wazee akiwa juu ya baiskeli. Hushuka, husimama, huinama kidogo, ndipo husalimia. Telesphori aliogopa. Aliwaza, 'Nikishuka na gunia hili, sitaweza kupanda tena, na wote wataona.' Akapita huku akipaza sauti, "Shikamooni!"

Hakuna aliyeitikia.

"Gashi!" Mzee Maganga alishangaa kwa Kisukuma. "Kumbe kule hospitali walimdunga sindano ya ukubwa!"

Telesphori alisikia, akazidi kukanyaga. Alifika kwenye kilima. Moyo ulimpiga kwa nguvu. Pumzi haikutosha. Njia ikawa nyeupe, kisha nyeusi, naye akaanguka kwenye majani pamoja na gunia lake.

Mzee Maganga alikuwa akimfuata na fimbo, amedhamiria kumsema. Alimkuta ameketi chini, jasho linamtiririka, mahindi yamemwagika. Mzee aliweka fimbo chini.

"Mwanangu," alisema, "kumbe hukuwa na majivuno. Ulikuwa unakufa tu." Kisha akamwita mwanawe, wakamrudisha Telesphori nyumbani polepole.

Nesi Serafina wa zahanati alikuwa jirani yao. Jioni alifika, akamsikiliza kifua na kumpima homa.

"Homa hakuna," alisema. "Kifua ni safi. Mwalimu, asubuhi ulikula nini?"

Telesphori alitazama ukuta. Justina akajibu, "Alikula upepo."

"Basi nisipande tena?" Telesphori aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mzee Bujiku ananingoja."

"Nani amesema usipande? Utapanda. Baiskeli itakusaidia kurudisha nguvu, ila uianze kama mtoto anayeanza kutembea. Kichomi kimekwisha, lakini kulala muda mrefu kumepunguza nguvu za miguu, moyo na mapafu. Nguvu hairudi kwa siku moja. Inarudi kidogo kidogo."

"Nitajuaje kidogo ni kipi?"

Nesi Serafina alifikiri. "Wewe njiani unasali?"

"Nasali rozari."

"Basi sali kwa sauti. Salamu Maria ikitoka vizuri mpaka mwisho, endelea. Ikikatika katikati, unakwenda mno. Shuka utembee."

"Nikishuka, sitapanda tena," Telesphori alisema. Ndipo akaeleza kwa nini hakuwasalimia wazee.

Nesi Serafina alicheka mpaka akafuta machozi. "Jamani! Wale wazee ndio dawa yako! Shuka kwa kila mzee. Salimia, ulizia ng'ombe, ulizia wajukuu. Kila salamu ni pumziko, wala hakuna atakayejua kuwa unapumzika. Teremsha kiti kidogo, miguu ifike chini. Ukitaka kupanda, kanyaga kichuguu. Mizigo, acha kwanza. Kilimani, sukuma baiskeli. Kula kabla ya kuondoka, na uchukue maji yaliyochemshwa."

Kisha akaacha kucheka. "Lakini nisikilize, Baba Coletha. Homa ikirudi, au kifua kikichoma, au ukikohoa damu, au pumzi ikikubana hata umekaa, usingoje. Njoo zahanati siku hiyohiyo. Na wewe, Mama Coletha, usikubali akufiche."

"Hanifichi huyu," Justina alisema. "Namjua hata akikunja uso gizani."

Basi Telesphori alianza upya. Siku za kwanza alifika kwa Mzee Maganga tu, akashuka.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba!" Mzee Maganga aliitikia. "Leo umeshuka! Keti. Na kuku wangu pia msalimie, juzi ulimpita."

Waliongea, wakacheka, kisha akarudi nyumbani. Alipozoea, alivuka nyumba ile akafika chini ya kilima. Baadaye alikisukuma kilima mpaka juu, akasimama kuitazama mbuga yote. Siku alizojisikia mzito, alibaki nyumbani, na Justina hakumlaumu. Alikula maharage, mchicha na samaki. Usingizi wake ukawa mzuri.

Asubuhi moja ukungu ulikuwa mzito kuliko siku zote. Alisikia mlio wa mnyororo na sauti yake mwenyewe ikisali. Hakuona gurudumu la mbele. Alikuwa kama mtu aelaye. Mara alinusa moshi wa kuni, jogoo akawika, na nyumba ya Mzee Bujiku ikatokea polepole mbele yake. Alikuwa amefika Ng'ambo.

Mzee Bujiku alikuwa mlangoni.

"Mwangaluka, mwalimu," alimwamkia. "Nilidhani umeamua kunibatizia mbinguni."

"Nilikuwa mgonjwa, mzee wangu."

"Najua. Haya, kaa tuendelee. 'Utupe leo mkate wetu.' Baada ya hapo wananipa nini?"

Kuanzia siku hiyo Telesphori hakukosa tena safari ya kila wiki. Pasaka ilipofika, Padre alimmwagia Mzee Bujiku maji kichwani. Mzee alichagua jina la Yosefu, kwa sababu, alisema, hilo hata mtu asiye na meno analiweza. Maji yalimtiririka usoni. Alifumba macho kwa muda mrefu. Kisha akafumbua jicho moja, akasema, "Padre, ongeza kidogo." Kanisa zima likacheka, na Telesphori akalia.

Jioni Telesphori na Justina walianza safari ya kurudi. Juma lile Nesi Serafina alikuwa amemsikiliza tena kifua na kumruhusu mzigo kidogo mahali tambarare.

"Panda nyuma, Mama Coletha," alisema.

"Mimi ni mzigo kidogo?"

"Leo nitadanganya."

Justina alipanda, akajishika. Baiskeli ilikwenda polepole kati ya mpunga uliokuwa ukigeuka rangi ya dhahabu. Jua lilikuwa limelala juu ya maji.

Chini ya kilima Telesphori alisimama, akashuka.

"Umechoka?" Justina aliuliza kwa wasiwasi.

"Sijachoka," alisema. "Ndiyo maana nashuka."

Justina naye akashuka. Wakaisukuma baiskeli pamoja, yeye upande huu na mumewe upande ule, mpaka juu.