Wageni wa Aikande Hawafanani

Kila asubuhi Aikande alitandika vitanda ambavyo hakuna aliyevilalia. Nyumba yake ya wageni pale Rhotia ilikuwa na vyumba vinne, mashuka meupe na maji ya moto. Magari ya watalii yalipita kwenda Ngorongoro bila hata kupunguza mwendo.

"Mama Herbert," mumewe Eliamini alisema, "tukivuna mahindi, vyumba viwe ghala. Tumejaribu."

Aikande aliumia. Nyumba ile ilikuwa jasho lake. Akaenda Karatu mjini kwa Naomi, mwenye duka la intaneti, aliyewatengenezea tovuti.

Maneno ya tovuti aliyaandika Eliamini. Alimkaribisha msomaji kama mgeni wa nyumbani: salamu ndefu, habari za ukoo tangu Machame, habari za kanisa, kisha baraka. Vyumba vilitajwa mwishoni kabisa. Kwake yeye, kumweleza mgeni shughuli kabla hajakaa kitako ni kukosa adabu.

"Mama, nyumbani hiyo ni heshima," Naomi alisema. "Lakini msomaji wa tovuti hajakaa. Amesimama mlangoni, na milango ni mingi. Tena hawafanani. Umewahi kuuza ng'ombe mnadani?"

"Mara nyingi!"

"Wanunuzi wakoje?"

Aikande akacheka. "Mwingine anatupa jicho, anauliza bei, basi. Mwingine anakagua meno, kwato, hadi mkia, utadhani anaoa. Namunyak wa Malambo haanzi na ng'ombe. Anauliza kwanza watoto wangu hawajambo. Na wako wanaongoja kusikia aliyenunua mnada uliopita anasemaje."

"Hao hao ndio wanaosoma tovuti, mama. Kila mmoja akute chake bila kuhangaika."

Wakaandika upya. Juu kabisa waliweka mambo ya mwenye haraka: vyumba, bei, umbali hadi lango la hifadhi na namba ya simu. Chini yake mkaguzi alipata kila kitu, choo, chandarua, chakula, hata saa za umeme. Wakaweka picha ya Aikande akicheka jikoni, na maneno ya walimu wawili waliowahi kulala pale, baada ya kuwaomba ruhusa.

"Tuseme kuna bwawa la kuogelea?" Naomi alitania.

"Thubutu! Njia ya mwongo ni fupi."

"Na salamu za Baba Herbert tuzifute?"

"Hapana. Zina mtu wake. Zipe ukurasa wake."

Barua pepe zikaanza kuingia. Mmoja aliandika tu kwamba anakuja Jumamosi. Mwingine aliuliza unene wa godoro, na Aikande akalipima kwa rula. Bibi mmoja alikuja kwa sababu ya salamu za Eliamini, akataka kumwona aliyeziandika. Siku hiyo Eliamini alivaa koti la Jumapili.

Mavuno yakafika. Eliamini alileta magunia kwa trekta, akagonga chumba cha kwanza. Mgeni akaitika. Akagonga cha pili, mgeni. Hakugonga cha tatu.

"Mama Herbert, mahindi yalale wapi?"

Aikande alisimama mlangoni, mikono kiunoni, moyo umemjaa fahari.

"Chumbani kwetu, baba. Huko kwingine kuna wenyewe."

Mwaka ule Eliamini alilala amezungukwa na magunia, naye akawa anamsimulia hivyo kwa kujisifu kila aliyekutana naye kanisani.