Kiungio Kilichokataa

Kila aliporudi kutoka shuleni, Chiriku alivua sare, akavaa ovaroli kuukuu la shangazi yake, akakunja mikono na miguu ya ovaroli hilo mpaka vidole vikaonekana, kisha akaingia gereji. Jina hilo la utani alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Shangazi, ambaye Chiriku alikaa kwake, alikuwa fundi wa magari, na gereji yake ilikuwa uani kwake: meza yenye jiriwa ya kubania vyuma, spana zilizotundikwa ukutani, na kipande cha boksi cha kulalia chini ya gari.

Siku hiyo palikuwa na gari la mwokaji mikate. Filta yake ya oili ilijificha nyuma ya injini, ubavuni mwa bomba la moto la ekzosi, na kila aliyejaribu kuibadilisha aliungua mkono. Shangazi aliamua kuihamishia mbele, mahali pa wazi. Mpira mmoja ungeipeleka oili kwenye filta, na mwingine ungeirudisha kwenye injini ikiwa safi.

Walipokwenda dukani kununua mipira hiyo, muuza vipuri aliweka mipira miwili juu ya kaunta. Chiriku aliudaka ule laini unaong'aa.

"Huu, shangazi! Unapindika vizuri."

"Huo ni wa maji. Oili ya moto itauvimbisha, halafu utapasuka," shangazi alisema, akachukua ule mwingine, mgumu, wenye nyuzi za chuma zilizosukwa ndani. "Huu unastahimili joto na msukumo. Na tundu lake ni pana, oili haitabanwa njiani. Haya, mimi nasimamia ukataji wa mpira. Wewe chagua viungio viwili vya kushikiza mipira kwenye injini. Shika sampuli hii ya tundu la injini, kila kimoja ukijaribishe humo."

Viungio vilijaa kwenye trei, vyote vya shaba, vyote vikifanana. Chiriku aliviangalia tu, akatoa viwili.

"Vijaribu kwanza, mwanangu," muuza vipuri alimwambia. "Hesi zake, hii mikato ya kukazia, hazilingani zote. Hapo vimechanganyika."

"Mimi natambua kwa macho tu, mjomba."

Muuza vipuri akacheka. "Haya, bibi fundi!"

Chiriku alivimba kichwa njia nzima ya kurudi.

Kwenye gereji ile palikuwa na utaratibu mmoja usiovunjwa. Kiungio hukazwa kwanza kwa vidole, mpaka kiingie chenyewe bila ubishi. Hapo aliyekishika husema, "Mkono umekubali," na ndipo spana huguswa. Shangazi alilala chini ya gari akifunga upande wa filta. Chiriku, kwa kuwa mkono wake ulikuwa mwembamba, alifunga upande wa injini kwa juu.

Kiungio cha kwanza kiliingia bila taabu. Cha pili kilizunguka kidogo, kikagoma. Akakitoa, akakirudisha. Kikagoma pale pale. Alijua papo hapo kwamba hesi zake si zenyewe, na akajua pia kwamba sampuli ilikuwa mfukoni mwake muda wote alipokuwa akijigamba dukani.

"Mkono umekubali?" shangazi aliuliza kutoka chini.

Chiriku alimkumbuka mama yake, ambaye tangu zamani alitaka aachane na gereji. Shangazi ndiye aliyemtetea. Akikiri sasa, je, si atarudishwa nyumbani?

"Umekubali, shangazi."

Akachukua spana, akakilazimisha. Kililia kidogo, kikaingia kikiwa kimepinda kidogo.

Injini iliwashwa na hakuna kilichovuja. Mwokaji, aliyekuwa amekuja kuchukua gari lake, alipiga makofi. "Ingieni basi tulijaribu! Likiwa sawa, napandisha mlima leo leo, watu wanangoja mikate."

Chiriku alisukumwa katikati, gia ikiwa katikati ya magoti yake. Upande mmoja shangazi aliendesha, upande wa pili mwokaji alijaa mpaka mlangoni. Hata angetaka kuruka, asingepata pa kupitia. Joto la injini lilipanda kupitia sakafuni, na macho yake hayakubanduka kwenye taa nyekundu ya onyo la oili, ambayo kwa sasa ilikuwa imezimika.

"Mbona kimya?" mwokaji alimtania. "Au chiriku wetu kameza kokoto?"

Chiriku alisogeza magoti kuipisha gia.

"Shangazi yako anasema umefunga mwenyewe. Hongera sana! Hii injini nikiikosa nimekwisha, sina gari jingine."

"Usiwe na wasiwasi," shangazi alisema. "Hatari ni kiungio kuachia tu. Kikiachia, oili yote inabaki barabarani na injini inakufa. Lakini hiki kimefungwa kwa utaratibu."

Kila neno lilimbana zaidi. Akisema, aibu. Asiposema, injini ya watu. Mbele yao barabara ilianza kuinuka, shangazi akabadilisha gia, injini ikanguruma.

"Simamisha!" Chiriku alipiga kelele. "Shangazi, simamisha! Mkono haukukubali!"

Shangazi alikanyaga breki. Aliegesha, akazima injini, akafungua boneti. Kwenye kiungio kile oili ilikuwa imeanza kutoka, tone likifuata tone, na chini yake ekzosi ilikuwa inafuka moshi.

Mwokaji alishika kichwa. "Mungu wangu! Na ningekuwa juu kule?"

"Nilidanganya," Chiriku alimwambia, machozi yakimtoka. "Sikukijaribu dukani. Halafu nikakilazimisha kwa spana. Nisamehe, baba."

Injini ilipopoa, shangazi alikitoa kiungio. Hesi zake za shaba zilikuwa zimesagika, lakini kwa bahati zile za upande wa injini zilikuwa nzima. Chiriku alikimbia dukani, akajaribisha kiungio baada ya kiungio kwenye sampuli mpaka akapata kinachozunguka bila kusita. Safari hii muuza vipuri hakucheka. Chiriku akarudi kando ya barabara akihema, pamoja na chupa ya oili ya kujazia.

"Sasa nisikilize," shangazi alisema, akipangusa injini kwa kitambaa. "Kukosea kuchagua si ajabu. Mimi viungio nilivyokosea havihesabiki. Lakini nilipokuuliza, nilikuwa chini ya gari, sioni kitu. Nilikuwa naona kwa macho yako. Uliponidanganya, ulinipofusha mimi, na mwenye gari ukampofusha. Mtu akikosea na akasema, kazi hurekebishika. Akinyamaza, sote tunapanda gari bovu tukishangilia."

"Nimeelewa, shangazi. Utanirudisha kwa mama?"

Shangazi alimkabidhi spana. Alitandika kitambaa chini, akalala chali, akaingia chini ya gari lile zito kukagua mpira upande wa huko.

"Haya, funga," alisema. "Na uniambie unachokiona."