Mgongo wa Haraka

Baba alikuwa seremala. Mama alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa sebuleni, karibu na dirisha. Binti yao walimwita Chiriku, kwa sababu aliamka akiongea na kulala akiongea. Nyuma ya nyumba kulikuwa na banda la farasi jike. Farasi huyo aliitwa Haraka. Jina lilikuwa la utani tu. Hakuwahi kuharakia jambo lolote, isipokuwa chakula.

Kila asubuhi Chiriku alimpa Haraka maji na kumchana manyoya. Jumamosi alimpanda uwanjani pamoja na vijana wengine.

Kisha mvua zikaanza. Zilinyesha wiki baada ya wiki. Uwanja ukawa tope tupu, na hakuna aliyepanda farasi. Haraka alisimama bandani, miguu kwenye maji, kazi yake ikawa kula. Tandiko lilining'inia ukutani mpaka likaota ukungu. Baba akalianika karibu na jiko, kwa nia njema kabisa.

Jua liliporudi, Chiriku alimvika Haraka tandiko. Haraka akalaza masikio nyuma. Baba akakaza mkanda wa tumboni. Papo hapo Haraka akageuza shingo, akamng'ata mkono.

Baba hakupiga kelele. Aliosha jeraha, akakaa kwenye benchi lake la kazi.

"Farasi anayeuma hakai na mtoto," alisema. "Yule bwana wa matofali anatafuta farasi wa mkokoteni. Nitampa yeye."

"Baba, Haraka hajawahi kumuuma mtu."

"Leo ameuma, mwanangu."

Chiriku akanyamaza. Hakula chakula cha jioni.

"Huyu akinyamaza, mimi naogopa," Mama alimwambia mumewe. "Mngoje kwanza daktari wa mifugo. Si anakuja wiki hii kuchanja? Umemhukumu mnyama, na yeye hawezi kujitetea."

Baba alitikisa kichwa. Lakini hakwenda kwa bwana wa matofali.

Daktari alikuja asubuhi, amevaa buti za mpira. Chiriku akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa wetu yuko wapi?"

"Si mgonjwa," alisema Baba, akionyesha mkono uliofungwa kitambaa. "Ni mkali."

Daktari hakuanza na sindano. Aliweka kiganja shingoni mwa Haraka, akakipitisha polepole mgongoni. Kilipofika nyuma ya mabega, Haraka akashtuka.

"Chiriku, weka mkono wako hapa. Unasikia nini?"

"Pana joto. Na kuna vigaga chini ya manyoya."

"Ndipo panapouma. Ngozi imelowa muda mrefu. Tena amenenepa. Tandiko lililomtosha wakati wa kiangazi sasa linambana. Farasi hawezi kusema anaumia. Husema kwa masikio, husema kwa mkia. Meno huja mwisho."

"Masikio niliyaona," Baba alisema taratibu. "Nikadhani ni kiburi."

Daktari akainua mguu mmoja. Akachokoa tope kwenye ukwato kwa chuma kidogo. Harufu mbaya ikatoka.

"Hapa pameanza kuoza. Kwato zisafishwe kila siku, na asimame pakavu. Nitawapa dawa ya kupaka, na dawa ya minyoo pia. Sasa nionyesheni tandiko."

Alikunja mkanda wa tumboni. Ukapasuka kama gome kavu.



"Mkanda huo niliushona mwenyewe," Baba alisema.

"Mshono ni mzuri. Kilichouharibu ni joto la jiko. Ngozi ikilowa, ifuteni ukungu, iosheni kwa sabuni ya ngozi, kisha ikauke kivulini, penye hewa. Halafu ipakeni mafuta ya ngozi, kidogo tu. Na kila mara kabla ya kupanda, kunjeni mikanda yote mtazame nyufa."

Baba alimtazama binti yake. Kisha akatazama mawe yaliyojaa uani, akafikiri mkanda ungekatika binti akiwa juu.

"Na kiangazi?" Mama akauliza.

"Maji safi mengi, na kivuli. Jasho na vumbi vifutwe kabla ya kumvika tandiko na baada ya kulivua."

"Nitampanda lini tena, Daktari?"

"Mgongo wake utakwambia. Ukikaribia kupona, niiteni nipime tandiko upya."

Bwana wa matofali alikuwa amesikia kwamba Baba anataka kumtoa Haraka. Akaja na kamba.

"Nimemfuata Haraka," alisema.

"Nisamehe, ndugu yangu," Baba akajibu. "Siku ile mwenye haraka nilikuwa mimi."

Bwana yule akacheka, akaondoka na kamba yake.

Baba akachimba mfereji kuzunguka banda. Akainua sakafu, akamwaga maranda makavu ya mbao isiyopakwa dawa. Mama akashona kitambaa kinene cha pamba cha kuweka chini ya tandiko, kinachofulika. Chiriku akasafisha kwato kila siku. Fundi wa ngozi akatengeneza mkanda mpya. Daktari akarudi, akalipanua tandiko kidogo, akaridhika.

Jumamosi ikafika. Vijana wengine walikuwa wameshaanza kupanda. Baba alishika tandiko mikononi, lakini hakulivika.

"Wewe unaonaje?" alimuuliza binti yake. "Tumvike, au tungoje?"

Hakuwahi kumuuliza hivyo. Chiriku akapitisha kiganja mgongoni. Mahali pamoja, padogo, ngozi ilicheza.

Alitamani sana kupanda. "Tungoje, Baba," alisema.

Baba akarudisha tandiko kivulini.

Wiki iliyofuata, Chiriku akapitisha kiganja tena. Haraka alitulia, masikio mbele. Baba akakaza mkanda tundu moja. Akasimama, akamtazama. Akakaza tundu la pili. Haraka akashusha pumzi ndefu, akaendelea kutafuna nyasi.

"Panda, mwanangu," Baba akasema.