Morana Aliyerudishwa Langoni

Jumatatu asubuhi Bohdana alikuta maji chini ya kabati la kioo. Hayakuwa mengi, kiasi cha kulowesha soksi, lakini paa halikuvuja na bomba la karibu lilikuwa ng'ambo ya uwanja, kwenye kilabu cha bia. Aliinama akayanusa. Yalinuka tope la mto.

Ndani ya kabati alisimama Morana, sanamu ya mauti iliyofumwa kwa majani makavu, yenye gauni jeupe na mkufu wa maganda ya mayai. Kila mwaka, kabla ya Pasaka, wasichana wa Hradkov humtoa mjini kwa nyimbo, wakampitisha Lango la Chini, wakamtupa mtoni kutoka daraja la mawe, kisha wakarudi bila mtu kugeuka nyuma. Mwaka huu Bohdana, mtunzaji wa makumbusho yaliyomo katika mnara wa lango hilo, aliwaambia watupe mzigo wa majani matupu. Morana mwenyewe alirudi naye kwapani. Mji ulikuwa unajiandaa kusherehekea miaka mia saba, na Bohdana alikuwa na maradhi yake: kitu kikiwa cha kale, hawezi kukiacha kipotee. Alikwishakusanya risasi za Waswidi waliouzingira mji zamani, funguo za lango, hata pua iliyovunjika ya sanamu ya mtakatifu wa darajani. Akaona amuongeze na Morana. Gauni lenyewe lilikuwa la bintiye wa miaka tisa, Zdislava, na mtoto alijisifu nalo shule nzima.

Alipangusa maji, akajiambia ni unyevu wa kuta kuukuu.

Siku ile ile Zdislava alirudi kutoka shuleni anatetemeka. Kesho yake aliamka nywele zimelowa, zinanuka tope. Daktari alimpima akasema mapafu ni mazima, apewe chai ya maua na asali. Vratislav, baba yake, alichochea jiko mpaka wao wenyewe wakatoka jasho, na bado mtoto alikuwa baridi kama samaki. Kufikia Jumamosi hakuweza kusimama. Aliweweseka akiimba ule wimbo wa kumfukuza Morana, ila maneno aliyageuza, akawa anamkaribisha.

Bohdana alitoka mbio kwenda makumbusho. Akipanda ngazi za mnara alisikia juu yake kitu kinachakura, majani yakisuguana na kioo taratibu kama mtu anayejigeuza kitandani akitafuta upande wa kulalia, na harufu ya tope ikazidi kila alipokanyaga, ikamwingia puani na mdomoni, hata alipofika na kuona kabati lingali na kufuli yake, kioo kimetanda mvuke kwa ndani, na katikati ya mvuke ule alama ya kiganja kidogo cha mtoto, alizishuka ngazi mbio.

Alikwenda kwa bibi Květuše, aliyewaongoza wasichana katika nyimbo zile tangu ujana wake. Bibi alikuwa anakanda unga, na hakuacha kukanda.

"Mauti sisi tunamsindikiza. Wewe umemfuata ukamrudisha. Umempa nyumba, na gauni la mwanao juu. Ulidhani atachagua nani?"

"Nifanye nini, bibi?"

"Mtoe kwa njia ileile, wewe mwenyewe. Mvue lile gauni kwanza. Ukishamtupa, usigeuke mpaka uvuke kizingiti chako. Atakuita, mwanangu. Atakuita kwa sauti unayoipenda kuliko zote, na hapo ndipo watu huangamia."

Jumapili, mji ukiwa kanisani, Bohdana alimbeba Morana hadi darajani. Alikuwa mzito kama mtoto aliyelala. Gauni lilikataa kuvulika; mishono aliipiga mwenyewe kwa ufundi wake wote, na sasa ikamchelewesha. Mwishowe alilichana, akamsukuma Morana majini, akapiga moyo konde na kuanza kurudi.

Hakuwa amefika katikati ya daraja aliposikia miguu pekupeku nyuma yake.

"Mama, nisubiri."

Aliuma mdomo.

"Mama, nimechoka. Nishike mkono."

Ilikuwa sauti yenyewe, na ule mkwaruzo wake wa kutoka usingizini, na kila mfupa wa Bohdana ulitaka kugeuka, lakini alimkumbuka mtoto wake kitandani, akaziba masikio kwa viganja na kwenda huku analia, na bado maneno yalipenya vidoleni.

"Mama, mbona hunitazami? Nimekukosea nini?"

Kisha maji yakalia chubwi, na daraja likawa kimya. Bohdana alimshukuru Mungu kwa sauti.

Alivuka kizingiti chake akihema. Vratislav alikuwa jikoni, macho yamejaa machozi, anacheka.

"Kapona, mke wangu. Ulipotoka tu mwili ukapata joto. Kala mkate wote, kaniomba na mwingine."

"Yuko wapi?"

Vratislav alichungulia nyuma yake, mlangoni, bado anatabasamu.

"Si kakufuata darajani? Hata viatu hakungoja. Kwani hamkuonana?"